Harold Washington: Meya aliyeshinda kiti, akapigania jiji miaka mitatu

WAKAZI wa Chicago, moja ya majiji makubwa matatu ya Marekani, walimchagua Harold Washington kuwa meya wao Aprili 12, 1983. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. Alishinda kwa tofauti ya kura zipatazo 48,000 kati ya karibu milioni 1.3 zilizopigwa. Hata hivyo, ilipita miaka mitatu kabla ya meya huyo kupata nguvu ya kuliongoza jiji ambalo wananchi walikuwa wamemkabidhi.

Maisha ya Washington ni habari ya mtu aliyezaliwa na kulelewa ndani ya siasa za fadhila, akazijua undani wake, akapanda ngazi kwa kuzitumia, na hatimaye alipokabidhiwa usukani akaamua kuzivunja. Wapo waliompigia kura wakiamini kuwa zamu yao ya kula imefika. Wapo waliompinga kwa sababu hiyo hiyo, wakihofu kuwa zamu yao ya kula imekwisha. Pande zote mbili zilikosea.

Mtoto wa wakala wa chama

Harold Washington alizaliwa mjini Chicago Aprili 15, 1922. Baba yake, Roy Washington, alikuwa mwanasheria, mhubiri wa Kanisa la Methodist na wakala wa Chama cha Democratic katika Kata ya Tatu, upande wa kusini wa jiji. Katika zama hizo Wamarekani weusi wengi walikuwa bado wafuasi wa Republican, chama cha Abraham Lincoln aliyetangaza kuachwa huru kwa watumwa. Mzee Roy alikuwa miongoni mwa watu weusi wa mwanzo kuhamia upande wa pili. Mama yake, Bertha, alikuwa mwimbaji. Wazazi hao waliachana Harold akiwa mdogo, naye akalelewa na baba.

Upande wa kusini wa Chicago ulikuwa umejaa familia za watu weusi waliotoka majimbo ya kusini mwa nchi, wakikimbia umaskini, mauaji ya kikatili na sheria za ubaguzi. Walipofika walipata kazi katika machinjio, reli na viwanda vya chuma, lakini hawakuruhusiwa kuishi watakako. Mikataba ya mauzo ya nyumba iliwazuia Wazungu kuwauzia watu weusi, hivyo wageni hao wakabanana katika mitaa michache.

Ni katika mitaa hiyo ndipo mzee Roy alipofanya kazi yake ya chama. Kazi hiyo haikuwa mbali sana na ya balozi wa nyumba kumi anayefahamika Tanzania. Wakala alimjua kila mkazi wa eneo lake. Alijua nani amekosa makaa ya mawe ya kupashia nyumba joto, nani anataka kufukuzwa na mwenye nyumba, na kijana wa nani amekamatwa na polisi. Aliwasaidia, na siku ya uchaguzi ikifika aliwapitia nyumba kwa nyumba kuchukua malipo ya wema huo, yaani kura. Harold alimfuata baba yake katika mizunguko hiyo tangu utotoni.

Alisoma Shule ya Sekondari DuSable, iliyopewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mgeni wa kwanza kuweka makazi ya kudumu mahali lilipo jiji hilo. Huko aling'ara katika riadha, na mwaka 1939 alishinda mbio za kuruka viunzi katika mashindano ya shule za jiji. Aliacha shule kabla ya kumaliza, akafanya kazi katika kiwanda cha nyama na baadaye katika ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani iliyokuwa Chicago.

Mwaka 1942 aliandikishwa jeshini kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili. Alipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki akiwa na kikosi cha wahandisi weusi waliojenga viwanja vya ndege za kivita. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga askari weusi na Wazungu. Washington alitumia muda wa jioni kusoma masomo kwa njia ya posta, na alipoachiwa mwaka 1946 alikuwa na cheo cha sajenti.

Serikali ya Marekani iliwalipia ada askari waliorudi vitani, naye akajiunga na Chuo cha Roosevelt mjini Chicago. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1945 na walimu waliokataa utaratibu wa vyuo vingine wa kuweka kikomo cha idadi ya wanafunzi weusi na Wayahudi. Katika chuo hicho ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu, Washington alichaguliwa kuwa kiongozi wa wanafunzi. Alihitimu mwaka 1949, akaingia Chuo Kikuu cha Northwestern kusomea sheria, na kuhitimu mwaka 1952 akiwa mwanafunzi pekee mweusi katika darasa lake.

Ndani ya mashine

Baba yake alipofariki dunia miaka ya mwanzo ya 1950, Washington alirithi ofisi yake ya uwakili na pia kazi yake ya chama. Alikuwa ameingia katika kitu ambacho watu wa Chicago walikiita mashine.

Mashine hiyo ilikuwa mtandao wa Chama cha Democratic, ambacho kilikuwa kimelishika jiji tangu mwaka 1931. Jiji lina kata 50. Kila kata ilikuwa na mkuu wa chama aliyegawa ajira za serikali, kuanzia mzoa taka hadi karani wa mahakama. Aliyepewa ajira alitakiwa kuwafanyia kazi wakubwa wa chama mtaani kwake. Kura zikipungua katika eneo lake, ajira ilipotea. Kura zikiongezeka, alipandishwa. Aliyekuwa juu ya mtandao huo wote tangu mwaka 1955 alikuwa Meya Richard J. Daley, ambaye alishika wakati mmoja uongozi wa jiji na uenyekiti wa chama katika Wilaya ya Cook.

Watu weusi walikuwa na nafasi yao katika mashine hiyo, na nafasi hiyo ilikuwa ya chini. Kiongozi wao mkuu, Mbunge William Dawson, alikusanya kura za kata za kusini na kuzipeleka kwa wakubwa. Alirudishiwa ajira na fadhila za kugawa. Shule za watoto weusi ziliendelea kusongamana, majengo ya umma yakajengwa kwa namna ya kuwatenga maskini weusi, na polisi wakaendelea kuwapiga vijana wao. Mpango huo uliwanufaisha wachache vya kutosha kiasi cha kuwafanya wakubali hali ya wengi.

Washington alianza chini ya Ralph Metcalfe, mwanariadha maarufu aliyekimbia pamoja na Jesse Owens katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ambaye baadaye alikuwa diwani wa Kata ya Tatu. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kuwaandaa vijana wa chama. Alifundisha kizazi kizima cha makada jinsi ya kuhesabu kura, kupanga watu na kutambua mpiga kura anayeyumba. Kwa malipo ya kazi hiyo alipata ajira katika idara ya sheria ya jiji, kisha kazi ya kuamua madai ya wafanyakazi katika serikali ya jimbo.

Mwaka 1964 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Illinois, na mwaka 1976 akahamia Seneti ya jimbo hilo. Huko Springfield, makao makuu ya jimbo, alipita njia nyembamba. Alipiga kura na chama katika mengi, lakini mara kwa mara alikaidi, hasa katika masuala ya polisi, ajira na haki za raia. Alikuwa mstari wa mbele katika sheria iliyoifanya siku ya kuzaliwa ya Dk. Martin Luther King kuwa sikukuu ya jimbo. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1973, miaka kumi kabla ya Serikali Kuu ya Marekani kufanya hivyo.

Hakuwa mtu asiye na doa. Mwaka 1972 alitumikia kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja jela kwa kosa la kutowasilisha fomu za kodi ya mapato kwa miaka minne. Kodi iliyokuwa imekatwa kwenye mshahara wake ilikaribia kufikia deni lote, na kiasi kilichobaki kilikuwa dola 508 tu. Leseni yake ya uwakili nayo ilisimamishwa baada ya wateja kulalamika kuwa walilipa ada na hawakuhudumiwa. Mambo hayo yalimfuata hadi mwisho, na wapinzani wake hawakuacha kuyataja.

Mwaka 1972 Metcalfe, aliyekuwa ameshaingia katika Bunge la Marekani, alivunja uhusiano na Daley kwa sababu ya ukatili wa polisi dhidi ya raia weusi. Washington naye akaanza kujitenga na mashine. Daley alipofariki dunia Desemba 20, 1976, Washington aligombea umeya katika uchaguzi wa kujaza nafasi, akaambulia takriban asilimia 11 ya kura za mchujo ndani ya chama. Yeye, aliyefundisha wengine kuhesabu kura, hakuisahau hesabu hiyo. Mwaka 1980 alichaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani mjini Washington, na huko alishiriki katika juhudi za kuongeza muda wa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, zilizofanikiwa mwaka 1982.

Sharti la kura 50,000

Mlango wa umeya ulifunguliwa na theluji. Januari 1979 Chicago ilikumbwa na dhoruba kali, barabara zikazibwa na serikali ya Meya Michael Bilandic ikashindwa kuzisafisha. Treni za mjini zikaamriwa kupita bila kusimama katika vituo vya mitaa ya watu weusi, ili ziwawahishe abiria wa mbali. Watu waliosimama kwenye baridi wakitazama mabehewa yakiwapita walilipiza kwenye sanduku la kura. Jane Byrne akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji hilo.

Byrne hakulipa deni hilo. Aliwaondoa wajumbe weusi katika bodi za shule na nyumba za umma, akaweka Wazungu katika nafasi zao. Mwaka 1982 wanaharakati waliitisha mgomo dhidi ya tamasha kubwa la muziki lililodhaminiwa na jiji, na mgomo huo ukafanikiwa. Wakaanza kumtafuta mgombea, na macho yao yakamwangukia Washington.

Yeye alisita. Alikuwa ameridhika bungeni na aliikumbuka asilimia 11. Aliwapa sharti: waandikishe wapiga kura wapya wasiopungua 50,000 na wachangishe fedha, ndipo azungumze nao. Makanisa, vyama vya wafanyakazi, vikundi vya mitaa na wafanyabiashara weusi wakaingia kazini. Watu waliandikishwa kwenye foleni za misaada ya chakula na katika ofisi za ustawi wa jamii. Ilipofika vuli ya mwaka huo, walioandikishwa walikuwa wamezidi 100,000. Novemba 1982 Washington akatangaza kuwa anagombea.

Katika mchujo wa Februari 22, 1983 alikabiliana na Meya Byrne na Richard M. Daley, mtoto wa meya wa zamani. Midahalo minne ya Januari ilimsaidia sana. Wengi waliomfahamu kwa jina tu walimwona kwa mara ya kwanza mtu mwenye msamiati mpana, mzaha wa hapa na pale na ufahamu wa kina wa bajeti ya jiji. Kura za Wazungu ziligawanyika kati ya wapinzani wake wawili. Washington alipata asilimia 36, Byrne 33 na Daley 30.

Kwa kawaida aliyeshinda mchujo wa Democratic alikuwa ameshakuwa meya. Safari hii haikuwa hivyo. Viongozi kadhaa wa Democratic walimkimbia mgombea wa chama chao na kumuunga mkono, kwa siri au waziwazi, Bernard Epton wa Republican, mwanasheria ambaye wiki chache kabla hakuna aliyempa nafasi. Tangazo la kampeni yake liliwahimiza wapiga kura wamchague mapema kabla mambo hayajaharibika, na kila mtu mjini alielewa maana yake. Jumapili ya Matawi, Machi 27, Washington alipofika katika kanisa moja la Kikatoliki upande wa kaskazini magharibi akiwa na aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, Walter Mondale, walizomewa na umati hadi wakaondoka. Picha zake zilisambaa nchi nzima.

Matokeo yalionyesha jinsi jiji lilivyogawanyika. Karibu watu weusi wote walimpigia Washington. Wazungu waliompigia walikuwa takriban mmoja katika kila wanane. Walatino, waliokuwa na asili ya Mexico na Puerto Rico, walimpa kura zao nyingi, na bila wao asingeshinda. Alipata asilimia 51.7.

Ishirini na tisa dhidi ya ishirini na moja

Aliapishwa Aprili 29, 1983. Katika hotuba yake aliwaambia wageni, miongoni mwao wakubwa wa mashine, kwamba jiji liko katika hali mbaya ya kifedha, kwamba ajira mpya zinasimamishwa na kwamba atapunguza mshahara wake mwenyewe. Aliutangaza mwisho wa biashara ya kugawana jiji mbele ya watu walioishi kwa biashara hiyo.

Jibu lilikuja siku tatu baadaye, Mei 2, katika kikao cha Baraza la Madiwani. Edward Vrdolyak, diwani wa Kata ya 10 na mwenyekiti wa Democratic katika Wilaya ya Cook, pamoja na Edward Burke wa Kata ya 14, walikuwa wamekwisha kuwakusanya madiwani 29. Meya alikuwa na 21, yaani madiwani wote weusi 16 na Wazungu watano. Washington alipoona mambo yanavyokwenda aliahirisha kikao na kutoka nje. Wale 29 walibaki ukumbini, wakaendelea na kikao na kugawana uenyekiti wa kamati zote muhimu. Meya alikwenda mahakamani, akashindwa.

Hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Watu wa Chicago waliiita vita ya baraza. Wale 29 walikuwa na kura za kukwamisha kila alichopeleka meya, lakini hawakuwa na theluthi mbili, yaani kura 34, za kuipindua turufu yake. Meya aliweza kuzuia, wao waliweza kuzuia, na hakuna aliyeweza kujenga. Watu aliowateua kuongoza bodi za jiji walikaa miezi na miaka bila kuthibitishwa. Bajeti zilipitishwa dakika za mwisho. Vikao vilirushwa kwenye televisheni, na wakazi wakashuhudia wawakilishi wao wakitukanana. Kuna gazeti lililolifananisha jiji hilo na Beirut, ambayo wakati huo ilikuwa ikiungua kwa vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Yaliyofanyika nje ya baraza

Washington alitafuta yale ambayo sheria ilimruhusu kuyafanya kwa saini yake peke yake, na hapo ndipo nia yake ilipoonekana.

Alitia saini makubaliano ya mahakama yaliyotokana na kesi iliyofunguliwa mwaka 1969 na mwanasheria Michael Shakman. Kesi hiyo ilipinga ajira za umma kutolewa au kunyang'anywa kwa misingi ya siasa. Mameya waliotangulia walikuwa wamelazimishwa kuacha kuwafukuza watumishi kwa sababu za kisiasa. Washington alikubali kwenda mbele zaidi, kwamba hata kuajiri kusitegemee kadi ya chama, isipokuwa katika nafasi chache za juu.

Uamuzi huo ulimgharimu. Baadhi ya waliomfanyia kampeni walikuwa wakisubiri ajira. Walikuwa wamewaona Waayalandi wa Chicago wakijaza ofisi za jiji na watu wao kwa miongo mingi, na sasa mtu wao ameingia, mlango ukafungwa. Manung'uniko yalikuwa mengi upande wa kusini. Washington, aliyekuwa amepata ajira yake ya kwanza ya uwakili kwa mlango huo huo, alijua anachowanyima.

Alitoa pia amri iliyowapa wananchi haki ya kuona nyaraka za serikali ya jiji. Alipeleka rasimu za bajeti mitaani ili wakazi wazijadili. Aliweka utaratibu wa kutenga sehemu ya zabuni za jiji kwa kampuni za watu weusi, Walatino na wanawake. Mwaka 1985 alipiga marufuku watumishi wa jiji kumuuliza mtu hali yake ya uhamiaji kabla ya kumhudumia.

Jambo lililowashangaza wapinzani wake ni mpango wa mikopo ya kukarabati barabara, mitaro na njia za waenda kwa miguu. Ulihusu kata zote 50, zikiwamo zilizomkataa karibu kwa kauli moja. Madiwani 29 walipouzuia, meya alipanda gari na kwenda katika kata zao, akawaonyesha wakazi Wazungu mashimo ya barabara zao na kuwaeleza ni nani anayezuia yasizibwe. Mpango ukapita.

Mengine hayakwenda vizuri. Shule za umma zilibaki katika hali mbaya, na mwaka 1987 walimu waligoma kwa siku 19. Nyumba za umma zilizidi kuoza. Mwaka 1986 ilibainika kuwa makachero wa Serikali Kuu walimtumia mtu aliyejifanya mfanyabiashara kuwapa rushwa watu wa jiji, na baadhi ya walionaswa walikuwa wa upande wa meya. Yeye mwenyewe hakuhusishwa, lakini alipata fedheha, kwa kuwa alikuwa amejinadi kama msafishaji.

Ramani yavunja ukuta

Ukuta wa madiwani 29 ulivunjwa na ramani. Mipaka ya kata iliyochorwa kabla Washington hajawa meya ilikuwa imepunguza kwa hila nguvu ya kura za watu weusi na Walatino. Kesi ilifunguliwa, mahakama ya shirikisho ikakubali hoja hiyo, na uchaguzi mpya ukaamriwa katika kata saba. Ulifanyika Machi 18, 1986, na marudio yakawa Aprili 29. Katika Kata ya 26, Luis Gutiérrez, kijana mwenye asili ya Puerto Rico, aliibuka mshindi baada ya marudio hayo. Baraza likawa 25 kwa 25, na kura ya kuvunja sare ilikuwa ya meya.

Miaka mitatu kamili tangu aapishwe, Washington akapata jiji lake. Walioteuliwa wakathibitishwa. Sheria ya kuwalinda wapangaji dhidi ya wenye nyumba ikapita mwaka huo huo, na mwaka 1987 ikafuata sheria ya maadili ya viongozi wa jiji.

Mwaka 1987 aligombea tena. Alimshinda Byrne katika mchujo wa Februari, na Aprili 7 akamshinda Vrdolyak, aliyekuwa amehama chama ili kupambana naye. Alipata zaidi ya asilimia 53. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ridhaa ya wapiga kura na baraza linalomuunga mkono.

Kifo mezani

Alikuwa nayo kwa miezi saba. Asubuhi ya Jumatano, Novemba 25, 1987, siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, Washington alianguka kwenye meza yake ya kazi katika ghorofa ya tano ya Jumba la Jiji, akiwa katika mazungumzo na msemaji wake. Alikimbizwa hospitali, na saa 7:36 mchana ikatangazwa kuwa amefariki dunia kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alikuwa mnene kupita kiasi, mlaji wa haraka na mtu aliyefanya kazi hadi usiku wa manane. Ndoa yake ya ujanani ilikuwa imevunjika zamani, na hakuacha mtoto.

Mwili wake uliwekwa katika Jumba la Jiji, na watu walipanga foleni kwenye baridi usiku na mchana kumuaga. Alizikwa Novemba 30 katika makaburi ya Oak Woods, upande wa kusini alikozaliwa kisiasa.

Siku iliyofuata, muungano wake ulipasuka. Madiwani waliomuunga mkono waligawanyika kati ya Timothy Evans, aliyekuwa msemaji wake barazani, na Eugene Sawyer, mkada wa siku nyingi wa Kata ya Sita. Wote wawili walikuwa weusi, na wote walikuwa miongoni mwa wale 21. Waliokuwa wapinzani wa Washington waliona nafasi, wakampa Sawyer kura zao. Maelfu ya watu walizingira Jumba la Jiji usiku kucha wakipinga. Karibu saa 10 alfajiri ya Desemba 2, Sawyer alichaguliwa kwa kura 29 dhidi ya 19. Mwaka 1989 Richard M. Daley alishinda uchaguzi maalumu, akakaa katika kiti cha baba yake hadi mwaka 2011.

Hapo ndipo lilipo doa kubwa la kisiasa katika kazi ya Washington. Alijenga muungano wa watu weusi, Walatino na Wazungu wachache, na kiungo chake kilikuwa yeye mwenyewe. Aliibomoa mashine, lakini hakuacha chombo kingine cha kuchukua nafasi yake wala mrithi aliyekubalika. Mtu aliyefundisha mamia ya makada kupanga safu hakupanga safu ya baada yake.

Yapo yaliyobaki. Gutiérrez aliingia katika Bunge la Marekani mwaka 1993. Carol Moseley Braun, aliyekuwa msemaji wa meya katika bunge la jimbo, alichaguliwa mwaka 1992 kuwa mwanamke wa kwanza mweusi katika Seneti ya Marekani. Mwaka 1985, Washington akiwa meya, alifika Chicago kijana mmoja, mtoto wa baba Mkenya, kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa maskini ya upande wa kusini. Kijana huyo, Barack Obama, alijionea jinsi kura za mitaa hiyo zilivyoweza kuungana na za wengine. Novemba 4, 2008, aliposhinda urais wa Marekani, aliwahutubia wafuasi wake katika bustani ya Grant, mjini Chicago.

Vrdolyak alikiri kosa la ulaghai mbele ya mahakama ya shirikisho mwaka 2008. Burke alikaa barazani miaka 54, hadi mwaka 2023, na Desemba mwaka huo akatiwa hatiani kwa makosa ya rushwa. Maktaba kuu ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1991 katikati ya jiji, inaitwa Harold Washington, na ina milango iliyo wazi kwa wakazi wa kata zote 50.